Mwembe Mmoja, Miche 576

Kila chenso inapowashwa nyuma ya ukuta wa mtu mjini, kauli mbili huwashwa pamoja nayo. Ya kwanza ni "kiwanja changu, mti wangu". Ya pili, ya kiungwana zaidi, ni "nitapanda mwingine". Ya kwanza humnyamazisha jirani, ya pili humtuliza afisa, na zikishikana mikono zinazaa msimamo unaokubalika leo kuanzia baraza la kahawa hadi kikao cha madiwani: mwenye nyumba hapaswi kumwomba mtu ruhusa kabla ya kuangusha mti ulio uani kwake, mradi siku moja, mahali popote, afukie mche. Ukihoji, unaambiwa unataka serikali iingie hadi chumbani.

Msimamo huo ni mbovu katika nusu zake zote mbili. Mti mkubwa wa mjini, hata uwe ndani ya geti la mtu, usiangushwe bila kibali. Nasema mti mkubwa, sisemi kila mti. Nasema kibali, sisemi katazo. Tofauti hizo mbili husahaulika kila mjadala huu unapoanza, nazo ndizo zitakazoamua kama sheria itaokoa miti au itanenepesha mifuko ya watu ofisini.

Tuanze na kiwanja. Kwa Tanzania Bara, hoja ya "changu" inakwama mlangoni. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Alichonacho mwenye nyumba wa Mikocheni ni haki ya kumiliki kwa muda, ya miaka 33, 66 au 99, iliyoandikwa kwenye hati pamoja na masharti yake, na kila mwaka anailipia kodi ya pango la ardhi. Hati hiyo haimruhusu kugeuza nyumba ya kuishi kuwa gereji bila kubadilisha matumizi ya kiwanja. Haimruhusu kuongeza ghorofa bila kibali cha ujenzi. Akikaidi, atakuta alama ya X nyekundu ukutani. Wengi tunalalamika jinsi vibali hivyo vinavyotolewa, lakini ni wachache wanaodai visiwepo kabisa, kwa sababu kila mmoja anaelewa kwamba ghorofa langu linaziba upepo wa jirani, na karo langu likifurika linafurikia kwake.

Mti nao hautambui ukuta. Kivuli chake huangukia kwa jirani asubuhi na barabarani jioni. Mizizi yake hunywa maji ambayo vinginevyo yangeingia sebuleni kwa mwenye nyumba wa bondeni. Basi iweje ukuta wa matofali unaosimama kwa wiki moja uwe na faili manispaa, na mti uliokua kwa miaka 60 ulazwe chini kabla ya saa nne asubuhi bila hata mwenyekiti wa mtaa kuarifiwa?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya makaratasi, na kwamba kwa mila zetu mti ni wa mwenye ardhi. Mila zipi? Unguja na Pemba mtu aliweza kumiliki minazi ndani ya shamba la mwingine, akairithisha wanawe, akaiweka rehani, wala asiwe na haki yoyote juu ya udongo ulioishikilia. Mti ulikuwa na mwenyewe na ardhi ilikuwa na mwenyewe. Watawala nao hawakuuacha mti uwe shauri la mtu na panga lake. Katika karne ya 19 Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ile ilikuwa amri ya mtawala aliyetafuta faida, na mashamba yalilimwa na watumwa, kwa hiyo siileti kama mfano wa kuigwa. Naileta kuonyesha kwamba anayedai eti kuingiliwa kwa miti ya watu ni uzushi wa wanamazingira wa juzi hajui historia ya visiwa vyake. Bara ya Mombasa hali ni hiyohiyo: misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, imesimama hadi leo kwa sababu hakuna aliyekata mti mle bila kuwajibika kwa wazee.

Kanuni kwamba mwenye udongo ni mwenye kila kilichoota juu yake ni ya Kirumi, ikapokewa na sheria ya Kiingereza, nasi tukaletewa na ukoloni. Waingereza wenyewe wamekwisha kuiwekea mipaka. Chini ya sheria yao ya mipangomiji ya mwaka 1990, halmashauri inaweza kuuwekea amri ya hifadhi mti mmoja tu, ndani ya bustani ya mtu binafsi, na mwenye bustani akiuangusha bila ruhusa anashtakiwa kwa jinai na kupigwa faini. Sisi tumeshika nusu ya kanuni waliyoiacha.

Sasa tuje kwa muungwana anayeahidi mche. Huyu ni hatari kuliko mwenzake, kwa kuwa anasema jambo linalosikika jema. "Kata mti, panda mti" imeandikwa kwenye mabango ya shule na ofisi za serikali kiasi kwamba hakuna anayeifanyia hesabu. Tuifanye.

Mwembe uliokomaa, ambao matawi yake yametandaa mita 12 kutoka ncha hadi ncha, hufunika mita za mraba 113 za ardhi, na miembe mikubwa kuliko huo si ya kutafuta kwa tochi. Mche mzuri kutoka kitaluni, wenye majani yaliyotandaa nusu mita, hufunika kiasi cha mita 0.2 za mraba. Gawanya: inatakiwa miche 576 ili kufunika eneo lilelile siku ileile mwembe unapolala chini. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400 tu, na humo mna nyumba, karo, tangi la maji na sehemu ya kuegesha gari. Na hata miche hiyo yote ingeingia, kivuli chake kingeishia magotini. Hakuna bodaboda anayesubiri abiria chini ya mche.

Hapo nimehesabu kivuli peke yake. Mvua ya masika ya milimita 50 kwa siku humwaga zaidi ya lita 5,600 juu ya mwembe huo. Mti hauzuii maji yote hayo, lakini majani hushika sehemu yake, matawi huyapunguza kasi, na udongo uliolegezwa na mizizi hunywa kilichobaki polepole. Ukishang'oa mti na kutandika pevingi, maji yote hutoka getini kwa pamoja. Kwa Dar es Salaam maji hayo yana anwani: sehemu kubwa ya jiji humwagia bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na tangu hapo tumeizoea picha ya Jangwani ikigeuka ziwa na mabasi ya mwendokasi yakikwama. Serikali imechukua mamilioni ya dola ya Benki ya Dunia ili kulidhibiti bonde hilo. Halafu huku juu, kiwanja kwa kiwanja, tunaing'oa kwa fedha zetu wenyewe miti inayopunguza kazi ya mradi huo, tena bila hata kuandika kumbukumbu.

Mwenye mche atajibu kwamba mche utakua. Utakua lini? Mwembe wa kutandaa mita 12 huhitaji miongo, si misimu, na miche mingi haivuki hata kiangazi cha kwanza, kwa sababu kupanda ni kazi ya siku moja yenye wapiga picha, na kumwagilia ni kazi ya miaka mitatu isiyo na mgeni rasmi. Tena mwenye nyumba huyuhuyu, aliyekata ili ajenge fremu za maduka, atapanda wapi? Mahali pa mti pameshapangishwa.

Wengine wamekwisha kujaribu hesabu hii ya mti kwa mche, na matokeo yake yapo hadharani. Jiji la Sheffield, Uingereza, lilikata miti zaidi ya 5,000 ya mitaani chini ya mkataba wa kukarabati barabara ulioanza mwaka 2012, kwa ahadi kwamba kila uliokatwa utapandiwa mwingine. Wakazi hawakukubali kubadilishiwa mti kwa fimbo. Walisimama chini ya miti mbele ya misumeno, baadhi wakakamatwa na polisi, hadi ukataji ukasimamishwa mwaka 2018. Uchunguzi huru ulioongozwa na Sir Mark Lowcock ulitoa ripoti yake mwaka 2023 na kuikosoa vikali halmashauri, nayo ikaomba radhi. Huko Delhi, mwaka huohuo wa 2018, maelfu ya miti katika makazi ya watumishi wa serikali kusini mwa jiji ilikuwa ikatwe kupisha majengo mapya. Ahadi ilikuwa kubwa zaidi: miche kumi kwa kila mti. Watu waliingia barabarani vilevile, na Mahakama Kuu ikasimamisha ukataji. Walijua kumi bado ni mbali sana na 576, na kwamba miche ya fidia hupandwa pembezoni mwa jiji ilhali joto linabaki mtaani kwao.

Kwa hiyo ninalo pendekezo kwa anayeamini kwa dhati kwamba mche ni sawa na mti: aanze na mche. Aupande leo, aumwagilie, aulinde na mbuzi, na siku utakapofikia ukubwa wa ule wa zamani aje aukate wa zamani kwa baraka zetu zote. Kama pendekezo hilo linamchekesha, basi anajua mwenyewe kwamba vitu hivyo viwili havilingani.

Kosa hili si la mwenye nyumba peke yake, kwa maana serikali zetu ndizo zilizomfundisha. Tanzania imeagiza kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ikatoa hata siku ya mapumziko, Novemba 13 mwaka 2023, ili wananchi wote washike majembe. Ni mambo mema. Lakini angalia kinachohesabiwa: miche inayoingia ardhini. Nani amewahi kutangaziwa idadi ya miti mikubwa iliyosimama kwenye kata yake mwaka huu, na iliyokuwapo mwaka jana? Afisa anaweza kutimiza lengo lake lote la kupanda katika mwaka ambao kata yake imepoteza nusu ya vivuli vyake, na taarifa yake ikapigiwa makofi. Wangari Maathai hukumbukwa kwa miche, na kwa haki. Lakini vita yake ya Karura mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ya kuzuia msitu uliokwisha kusimama usigawiwe wajenzi. Alijua kwamba kupanda na kulinda ni kazi mbili, na kwamba ya pili ndiyo inayokuletea maadui.

Mahali pasipo na kanuni, mti mkubwa hubaki ukitegemea huruma. Novemba 2020, mgumo wa karibu miaka mia moja kando ya Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa uondolewe kupisha barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27. Wananchi walipiga kelele, na mkuu wa Nairobi Metropolitan Services, Mohammed Badi, akatoa amri kwa niaba ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti huo usiguswe. Watu wakashangilia. Mimi nawauliza waliofurahi: ni marais wangapi tutawahitaji? Mti mmoja ulipata amri ya Ikulu. Mingine mingi kwenye njia ileile haikuwa maarufu, ikaenda. Mwembe wa uani Sinza hautapata Rais wala kamera. Kinachoweza kuufikia ni kifungu cha sheria ndogo ambacho karani wa kawaida anaweza kukisimamia Jumanne ya kawaida.

Nimefika kwenye hoja nzito kuliko zote, ambayo watetezi wa miti hupenda kuiruka. Kila kibali kipya, watu husema, ni mlango mpya wa chai. Mwenye nyumba ataenda kwa mtendaji, ataambiwa afisa misitu yuko semina, atarudi, ataombwa nauli ya kwenda kukagua, na mwishoni atalipa. Tajiri atalipa haraka na kukata. Maskini mwenye tawi linaloning'inia juu ya bati lake atasubiri hadi limwangukie. Zaidi ya hayo, watu wakishajua kwamba mti mkubwa ni mzigo wa kisheria, wataukata ungali mdogo, au hawataupanda kabisa.

Yote haya ni kweli. Hata lile la mwisho lina ushahidi wa kitaalamu: mwaka 2003 wachumi Dean Lueck na Jeffrey Michael walionyesha kwamba huko North Carolina, Marekani, wenye mashamba ya misonobari walikuwa wakivuna miti mapema kabla haijakomaa kiasi cha kuvutia aina ya kigogota anayelindwa na sheria, maana ndege huyo akitua, mvunaji amefungwa mikono. Sheria mbaya ya miti hukata miti. Lakini kutoka hapo hadi kusema kusiwe na sheria ni kuruka mto usio na daraja. Rushwa ya kibali cha ujenzi haijatufanya tufute vibali vya ujenzi hadi maghorofa yaangukiane. Hoja ya rushwa ni hoja kuhusu namna ya kuandika sheria, na kuna miji iliyokwisha kuonyesha namna hiyo.

La kwanza ni ukubwa. Toronto, nchini Kanada, inamtaka mwenye nyumba aombe kibali pale tu shina linapofikia kipenyo cha sentimita 30, likipimwa mita 1.4 kutoka ardhini. Huo ni mzingo wa sentimita 94 hivi. Singapore, katika maeneo iliyoyatenga kwa hifadhi ya miti tangu mwaka 1991, inadai ruhusa kwa mti wenye mzingo unaozidi mita moja. Washington inaanzia inchi 44, yaani sentimita 112, na mti wenye afya unaofikia inchi 100 haikuruhusu kuuangusha. Miji mitatu, mabara mawili, na vipimo vimekaribiana hivyo. Nasi tuchukue kamba ya mita moja. Izungushe kwenye shina usawa wa kifua. Ncha zikikutana, mti huo kata upendavyo, huhitaji kumwona mtu. Zisipokutana, omba. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu wala nauli ya mtaalamu, na kinaiacha nje ya sheria sehemu kubwa ya mipera, milimao, mipapai na miche ambayo watu hupanda na kung'oa kila mwaka.

La pili ni ukimya. Uingereza, katika mitaa iliyotangazwa kuwa ya hifadhi, mwenye mti huiarifu halmashauri wiki sita kabla ya kukata. Wiki sita zikipita bila halmashauri kuweka amri ya kuulinda, yuko huru kukata. Hiki ndicho kifungu kinachoua chai. Pale ambapo kimya cha ofisi ni ruhusa, afisa anayelikalia faili hana anachouza. Kadiri anavyochelewa ndivyo anavyojinyang'anya madaraka. Kwetu siku 21 zingetosha, barua ikipokewa na kugongwa mhuri kwa mtendaji wa mtaa, bila ada yoyote. Anayetaka kukataa aandike sababu, na sababu hiyo iweze kukatiwa rufaa.

La tatu ni hatari. Mti uliokufa, uliopasuka au unaoegemea nyumba usingoje barua ya mtu. Piga picha, arifu, kata. Lakini neno "hatari" lenyewe lipimwe. Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2019 lilizinyima halmashauri uwezo wa kudai kibali pale mtaalamu wa miti anaposema mti ni hatari. Miaka mitatu baadaye bunge la jimbo hilohilo likalazimika kuikaza sheria hiyo, likitaka tathmini ya maandishi na kipimo cha hatari yenyewe, kwani hatari isiyo na maana maalumu inaweza kuwa kila mti unaozuia mandhari. Majani kujaa kwenye gata si hatari. Popo na kunguru si hatari. Mizizi iliyofika kwenye karo ni tatizo la kweli, nayo aghalabu hukatwa upande mmoja bila kuuangusha mti mzima.

La nne ni malipo kwa anayetunza. Kama kuweka mti mkubwa ni huduma kwa mtaa, mtaa uilipie. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania inakatwa kupitia mita ya umeme ya LUKU. Mfumo unaoweza kukata unaweza pia kupunguza. Mwenye mti ulioandikishwa apunguziwe kodi hiyo kila mwezi mti unapoendelea kusimama. Kiasi kitakuwa kidogo, lakini kitageuza maana ya kamba ya mita moja: mti kufikia ukubwa huo itakuwa habari njema nyumbani. Wenye misonobari wa North Carolina walikosa jambo hilo hasa, nao wakakimbilia misumeno.

La tano, na ndilo linalogusa fedha, ni kumtofautisha mwenye nyumba na mwekezaji. Tunapozungumzia "haki ya mwenye nyumba" tunamfikiria mzee mwenye mwembe mmoja na nyumba ya urithi. Nenda Upanga, Oysterbay au Mbezi Beach uone anayemaliza miti ni nani. Nyumba ya zamani yenye ua mpana inauzwa. Kabla msingi haujachimbwa, kabla hata ramani haijapitishwa, kiwanja kinasafishwa hadi udongo uonekane, kwa sababu mkandarasi anataka uwanja mtupu na hakuna aliyemuuliza. Huyo haombi kulinda bati lake. Anaongeza maegesho. Kibali cha kukata kiunganishwe na kibali cha ujenzi, ramani ionyeshe kila mti unaozidi mita moja, na mchoraji aeleze kwa nini jengo lisingeweza kusogea mita tatu.

Hata kwake pia sheria iwe na kiasi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita nchini Marekani iliamua kesi ya mji wa Canton, Michigan, uliokuwa umeidai kampuni moja ipande miti 187 au ilipe karibu dola 48,000 baada ya kuondoa miti 159. Mji ulishindwa, na wapinzani wa sheria za miti wameichukua hukumu hiyo kama bendera. Waisome vizuri. Mji ulishindwa kwa kutoza kwa fomula moja, bila kuonyesha kwamba mzigo uliombebesha mwenye ardhi unalingana na madhara ya kuondolewa kwa miti hiyo. Mahakama haikusema mji hauna shughuli na miti ya watu. Ilisema mji ufanye hesabu yake.

Itabaki mitaa ambayo sheria hii haitaigusa sana. Manzese na Tandale, ambako nyumba zimegusana mabega, mti unaozidi mita moja ni nadra, na ulipo mwarobaini mmoja chini yake mna fundi cherehani, mama ntilie, muuza vocha na kijiwe cha bodaboda. Pale mti ni kiwanda, na ukikatwa watu wanne wanakosa pa kufanyia kazi adhuhuri ya Februari. Ajabu ni kwamba maskini, anayesingiziwa kuwa ndiye atakayeumizwa na kibali, ndiye anayeishi kwa kivuli cha mti wa mtu mwingine. Yeye hana kiyoyozi cha kukimbilia. Hoja ya "mti wangu" ni hoja ya mwenye ua. Wapangaji, ambao ni wengi mijini, hawajawahi kuulizwa.

Na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Halmashauri itakayomdai mwenye nyumba kibali na yenyewe ikaamka usiku kufyeka miti ya barabarani haitaheshimiwa na mtu. Mti wa umma unaozidi mita moja ubandikwe tangazo siku 21 kabla, lenye jina la ofisi, sababu, na mahali pa kupeleka pingamizi. Mafundi wa umeme na wa barabara nao wawe chini ya utaratibu huohuo, isipokuwa kwa dharura.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji kusubiri Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekwisha kukubali kwamba baadhi ya miti inaweza kuhifadhiwa kwa aina yake. Kinachotakiwa ni karatasi moja: kamba ya mita moja, siku 21, kimya ni ruhusa, hatari haisubiri, ada hakuna, punguzo la LUKU kwa anayetunza, ramani ya miti kwa anayejenga, na tangazo kwa miti ya umma. Diwani yeyote anaweza kuipeleka kwenye kikao kijacho cha baraza. Atakayeipinga asituambie tena kuhusu haki za mzee mwenye mwembe mmoja, maana karatasi hii inamlinda mzee huyo na inamlipa. Atutajie anayemtetea kwa jina lake, na ghorofa ngapi anajenga.